Rektifaya za kuzuia kutu: ipi ununue kwa bomba, tangi au gati lako

Rektifaya, yaani sanduku linalogeuza umeme wa AC wa gridi kuwa DC (unaokwenda upande mmoja), ndiyo kitu cha kwanza mteja anachoulizia bei akitaka kulinda bomba, tangi la mafuta au nguzo za gati zisiliwe na kutu. Inaeleweka, maana ndiyo inayoonekana. Vingine vyote vinafukiwa au kuzamishwa. Lakini ukihesabu miaka 20 ya kazi, bei ya sanduku lenyewe ni sehemu ndogo. Kinachokula hela ni umeme unaopotea ardhini kwa sababu anodi (vipande vinavyofukiwa au kuzamishwa ili vitoe mkondo wa umeme) ni chache, pamoja na safari za fundi kwenda kutengeneza kitu ambacho vipuri vyake havipatikani karibu. Tathmini hii inapima aina tano za vyanzo vya umeme vinavyotumika kwa kazi hii, kwa gharama ya hadi mwisho wa maisha yake na si kwa bei ya dukani.

Mwenye haraka achukue haya. Kituo cha mafuta au bomba lililo karibu na umeme wa gridi: nunua rektifaya ya transfoma yenye ngazi (hatua za kubadilisha volti), inayopozwa kwa hewa. Mzigo mkubwa unaozidi wati 300 za DC, ndani ya chumba kikavu: rektifaya ya swichingi (inayogeuza umeme kwa ubao wa elektroniki) inajilipa. Bomba refu lenye mpako mzuri, mbali na nguzo za umeme: sola. Maji yanayopanda na kushuka: rektifaya inayojirekebisha, au usinunue umeme kabisa, tumia anodi za alumini, ambazo huzalisha mkondo zenyewe zikilika badala ya chuma. Chaja ya betri na mashine ya kuchomelea zibaki kwenye kazi zake.

Sanduku linafanya nini

Linachukua umeme wa AC na kutoa DC ya volti ndogo. Upande hasi unafungwa kwenye chuma kinacholindwa, upande chanya kwenye anodi. Mkondo unatoka kwenye anodi, unapita kwenye udongo au maji, unaingia kwenye chuma. Unapoingia, chuma hakiliki. Unapotoka, ndipo kinapolika, na ampea moja ikitoka kwenye chuma kwa mwaka mzima inaondoka na kilo 9 hivi za chuma. Ndiyo maana kubadilisha waya mbili hizo ni kosa baya kuliko yote: rektifaya ya ampea 10 iliyofungwa kinyume inakula bomba lenyewe, na itatoboa sehemu dhaifu kabla mtu hajapata habari.

Kipimo cha kwamba chuma kimelindwa ni -0.85 volti au hasi zaidi, ikisomwa dhidi ya elektrodi rejea (kifaa cha kulinganishia volti) ya shaba na salfeti ya shaba. Kinatokana na kazi ya Robert Kuhn kwenye mabomba ya gesi ya New Orleans, aliyeanza kutumia rektifaya mwaka 1928, na hadi leo viwango vya kimataifa vinakitumia. Kwenye udongo wa tope lisilo na hewa, ambako bakteria wa salfeti hustawi, lenga -0.95. Baharini, dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, ni -0.80. Upande wa pili kuna kikomo: ukivuka -1.20 volti kwa elektrodi ya shaba, mkondo wa ziada unazalisha haidrojeni na kuubandua mpako. Rektifaya inayosukuma kupita kiasi inalipiwa umeme ili iharibu.

Hesabu kwanza, ndipo uulize bei

Kosa linaloonekana sana ni kununua volti 50 na ampea 50 “ili isije ikapungua”, halafu inaendeshwa kwa volti 8 na ampea 4 maisha yake yote. Rektifaya ya transfoma ikiendeshwa chini sana ya uwezo wake inapoteza umeme mwingi kwa joto kuliko unaofika kwenye bomba, na ngazi zake zinakuwa pana mno kwa marekebisho madogo.

Chukua kituo cha mafuta chenye matangi matatu ya chuma, kila moja kipenyo mita 2.4 na urefu mita 5. Eneo la tangi moja ni karibu mita za mraba 47, matatu 140, ukiongeza mabomba ni kama 150. Ikiwa mpako wa lami umechoka na sehemu ya tano ya chuma iko wazi, na chuma wazi kwenye udongo kinataka miliampea 20 kwa mita ya mraba, hesabu inatoa ampea 0.6 tu. Ukiishia hapo utanunua sanduku dogo mno. Matangi yale yameungana na pampu, pampu zimeungana na ethi, na ethi ni shaba tupu iliyozikwa. Shaba inakula mkondo kuliko matangi. Kituo ambacho hakijatenganishwa na ethi kwa viungo vya kuhami hutaka kwa kawaida ampea 5 hadi 10, na wakati mwingine zaidi.

Usikisie. Gonga vyuma vinne au vitano vya muda ardhini, mita 10 au zaidi kutoka kwenye matangi, vimwagie maji, unganisha betri ya gari ya volti 12 na mita ya ampea, hasi kwenye tangi. Soma volti ya tangi dhidi ya elektrodi ya shaba kabla ya kuwasha. Washa kwa saa moja au mbili, kata mkondo, na usome papo hapo ulipokatika. Ukijua ampea mbili zimesogeza volti kiasi gani, unajua takriban ni ampea ngapi zitafikisha -0.85. Jaribio hilo la nusu siku linaokoa hela nyingi kuliko punguzo lolote la muuzaji.

Baada ya ampea, ukinzani wa anodi. Anodi ya titani yenye mpako wa oksidi, ndani ya kopo la makaa ya koki la urefu mita 1.5 na kipenyo sentimita 20, kwenye udongo wa ohm-mita 30, ina ukinzani wa karibu ohm 10. Nne sambamba, ukiongeza kuingiliana kwake, zinafika ohm 3 hivi. Kwa ampea 6 unahitaji volti 18, pamoja na volti 2 ambazo chuma na koki hudai kabla mkondo haujaanza kupita: jumla 20. Kiangazi udongo ukikauka, ukinzani unaweza kuwa mara mbili, nawe unahitaji volti 38. Sanduku la volti 24 limekwisha.

Sasa weka anodi nane badala ya nne. Ukinzani unashuka hadi ohm 1.6 hivi, volti inakuwa chini ya 12 wakati wa masika na kama 21 wakati wa kiangazi. Sanduku la volti 24 na ampea 10 linatosha, umeme unaolipiwa unapungua kwa zaidi ya theluthi, na kila anodi inabeba nusu ya mkondo, kwa hiyo inadumu zaidi. Anodi nne za ziada zinalipwa mara moja. Volti zinalipwa kila mwezi.

Rektifaya ya transfoma yenye ngazi

Hii ni ya zamani na bado ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa kazi nyingi. Ndani kuna transfoma yenye koili mbili zilizotenganishwa, vipande vya shaba vya kuhamisha kwenye ngazi kubwa na ngazi ndogo, dayodi nne (zinazopitisha umeme upande mmoja tu), fyuzi, shanti (kipande cha kupimia ampea) na mita mbili. Ngazi 5 kubwa na 5 ndogo zinakupa hatua 25 za volti. Hakuna bodi ya elektroniki ya kuungua. Radi ikipiga karibu, mara nyingi kinachokufa ni varista (kinga ya volti zinazoruka ghafla) au dayodi, vitu ambavyo fundi wa mashine za kuchomelea anavijua na anavyo. Koili ikiungua, fundi wa kusuka mota anaisuka upya.

Udhaifu wake ni ufanisi. Ya fezi moja inatoa kama asilimia 60 hadi 70 ya umeme inaoupokea ikiwa imebeba mzigo mzuri, na chini ya hapo mzigo ukiwa mdogo. Pia haijirekebishi: mvua ikinyesha ampea zinapanda, jua likiwaka zinashuka, na mtu lazima aje kuhamisha ngazi. Azime kwanza. Kuhamisha kipande cha shaba umeme ukiwa umewashwa kunatoa cheche inayochoma uso wa mguso, na tangu siku hiyo mguso unapata moto hadi nati inabadilika rangi.

Unapoikagua dukani, fungua mlango uangalie vitu hivi. Dayodi ziwe na uwezo wa angalau mara mbili ya ampea za sanduku, na volti za kinyume 800 au zaidi. Varista ziwepo pande zote mbili, ya AC na ya DC. Nyingi za bei nafuu zina upande mmoja tu, na radi mara nyingi huingia kwa kupitia bomba. Shanti iwe na maandishi yake, kwa mfano ampea 50 kwa milivolti 50, na iwe na nafasi ya kuweka ncha za multimita, kwa sababu mita ya mlangoni huwa ya kwanza kudanganya. Matundu ya hewa yawe na wavu mwembamba. Mijusi wanapenda joto la transfoma, na mjusi mmoja kati ya tamino mbili (ncha za kufungia waya) anatosha kukata fyuzi.

Toleo linalozamishwa kwenye mafuta linagharimu zaidi na ni zito, lakini karibu na bahari, ambako chumvi inatafuna kila kiungo, na kwenye maeneo yenye hatari ya mvuke wa mafuta, ndilo linalostahili hela. Kwa kituo cha mafuta cha kawaida, sanduku la hewa lililofungwa ukutani mbali na pampu na matundu ya kupumulia matangi linatosha.

Rektifaya ya swichingi

Ufanisi wake ni asilimia 85 hadi 92, uzito wake ni kilo chache, na umeme wake wa DC ni laini. Tofauti ya umeme inaonekana kwenye mzigo mkubwa. Bomba linalotaka ampea 25 kwa volti 20 ni wati 500 za DC. Kwa ufanisi wa asilimia 60 unavuta wati 833 kutoka gridi, kwa asilimia 88 unavuta 568. Tofauti ya wati 265, saa 8,760 za mwaka, ni uniti 2,320. Kwa shilingi 350 hivi za Tanzania kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 800,000 kila mwaka. Hapo swichingi inajilipa yenyewe. Kwa kituo cha mafuta cha wati 60 tofauti ile ile haizidi uniti 350 kwa mwaka, na ukiungua ubao mmoja, akiba ya miaka kadhaa imekwenda.

Na ubao unaungua. Kapasita za elektroliti ndani yake hukauka kwa joto. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka maisha yake yanapungua kwa nusu. Kabati la bati lililopigwa na jua la Tanga au Mombasa linapita nyuzi 55 ndani kwa urahisi. Feni inavuta vumbi na chumvi hadi kwenye ubao. Waya wa nyutro ukikatika mtaani, volti inaruka kupita 300, na pawasaplai iliyoandikwa “85 hadi 264” inakwisha palepale. Ukinunua swichingi, nunua na kikata volti cha nje, kizuia radi kwenye AC na kwenye DC, chumba chenye kivuli, na moduli ya ziada. Mifumo inayofunga moduli tatu mahali ambapo mbili zinatosha ni mizuri sana: moja ikifa, kazi inaendelea.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Pawasaplai za kawaida za viwandani za volti 24, zile za kubandika kwenye reli, ni rahisi mno kwa bei na zinavutia. Nyingi zinapozidiwa mzigo hazishikilii ampea. Zinajizima, zinajaribu kuwaka, zinajizima tena. Mvua ya masika inapunguza ukinzani wa udongo, mkondo unapanda, pawasaplai inaanza kuwaka na kuzima mchana kutwa, na bomba halipati chochote, wakati huo huo taa ya kijani inaonekana inawaka. Dai sanduku ambalo likifika kikomo cha ampea linapunguza volti na kuendelea kutoa. Ijaribu dukani: weka kipande cha waya mnene kati ya chanya na hasi kwa kupitia mita ya ampea. Nzuri inashikilia ampea zake. Mbaya inapepesa.

Rektifaya za minara ya simu za volti 48 zinauzwa zikiwa zimetumika, nazo zina ubora mkubwa, lakini volti zake zinarekebishika kati ya 43 na 58 tu. Kama anodi zako zinataka 15, hazikufai. Draiva za taa za LED za mkondo usiobadilika, zilizofungwa zisipitishe maji, ni jambo jingine: kwa mifumo midogo ya ampea 1 hadi 5 zinafanya kazi vizuri kuliko bei yake, mradi ziwe na utengano kamili kati ya AC na DC na uongeze varista na koili ya kuzuia kwenye waya wa DC.

Inayojirekebisha yenyewe

Hizi hutumia thairista (swichi za elektroniki zinazodhibiti volti) au swichingi zikiongozwa na elektrodi rejea iliyofungwa kudumu karibu na chuma. Unaweka -0.95, nayo inapandisha na kushusha mkondo yenyewe. Mahali pake ni majini. Nguzo za gati kwenye pwani yetu zinaona tofauti ya zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvu, kidogo sana wakati wa maji mafu, na kila mita ya nguzo inayofunikwa inadai mkondo wake.

Hatari yake ni elektrodi yenyewe. Ikikatika waya au ikikauka, ubongo wa sanduku unadhani chuma kimeachwa bila ulinzi na unasukuma hadi mwisho wa uwezo. Kwa hiyo usikubali sanduku lisilo na mambo mawili: kikomo cha ampea unachokiweka wewe, na namna ya kurudi kwenye mkondo wa kudumu elektrodi ikipotea. Za thairista zina jambo jingine: zikiendeshwa kwa sehemu ndogo ya volti zake, umeme wake wa DC unakuwa na mawimbi makubwa na ufanisi unaanguka. Nunua ile yenye ngazi za transfoma nyuma ya thairista, ushushe ngazi hadi thairista ifanye kazi karibu na kilele.

Kwa gati, tunauliza kwanza kama umeme unahitajika. Nguzo 40 za kipenyo sentimita 60, mita 10 ndani ya maji na mita 8 kwenye tope, ni mita za mraba 750 majini na 600 kwenye tope. Kwenye bahari ya joto, viwango vya usanifu huchukua miliampea 150 kwa mita ya mraba mwanzoni na 70 kwa wastani, na 20 kwenye tope: karibu ampea 125 za kuanzia na 65 za kudumu. Kwa kuwa maji ya bahari yana ukinzani mdogo, volti 12 zinatosha, na sanduku la volti 12 na ampea 150 si ghali ukilinganisha na mbadala wake, ambao ni tani 6 na zaidi za anodi za alumini kwa miaka 20. Hata hivyo alumini haina kebo ya kukatwa na nanga, haina LUKU (umeme wa kulipia kabla) na haihitaji fundi. Gati lenye wahandisi wa kudumu linunue rektifaya. Gati la wavuvi ambalo hakuna anayefungua kabati lifunge alumini, lilipe mara moja. Kote kuwili, sehemu ya nguzo iliyo juu ya maji hailindwi na mkondo wowote. Hiyo ni kazi ya mpako.

Sola

Hesabu ya sola ni kali. Ampea 5 kwa volti 12 ni wati 60, lakini kwa saa 24 ni watisaa 1,440 kwa siku. Kwa saa 4.5 za jua kali na hasara za asilimia 30 unahitaji paneli za wati 460, na kwa siku nne za mawingu na betri za risasi zisizoshushwa chini ya nusu, watisaa 11,500: karibu betri tano za ampea-saa 200 kwa volti 12. Ni hela nyingi na ni mwaliko kwa wezi.

Punguza mzigo, picha inabadilika. Bomba lenye mpako mpya wa polithini linataka sehemu ndogo ya miliampea kwa mita ya mraba. Ampea 1.5 kwa volti 8 ni wati 12, watisaa 288 kwa siku: paneli moja ya wati 100 hadi 120 na betri moja ya ampea-saa 200. Hapo sola inashinda kuvuta laini ya gridi ya kilomita mbili bila mjadala. Dai kidhibiti cha mkondo usiobadilika kati ya betri na anodi. Wapo wanaofunga betri moja kwa moja kwenye anodi. Masika ikija betri inamalizwa, na betri ya risasi iliyokaa tupu wiki moja hairudi. Paneli iwekwe juu ya nguzo ndefu yenye bolti za kuvunjika kichwa, betri ndani ya sanduku la zege lenye tundu la hewa.

Chaja, variaki na mashine ya kuchomelea

Chaja ya kisasa ya betri ya gari inajizima isipoona betri. Ya zamani, ya transfoma na dayodi, itatoa mkondo, ila haina marekebisho ya maana wala kinga. Mashine ya kuchomelea haikutengenezwa kuwaka saa 24, na ikiwa wazi inatoa volti 60 hadi 80. Variaki, transfoma ya koili moja ya kurekebisha volti, ni hatari ya kuua: haitenganishi gridi na mzigo, na fezi inaweza kukaa kwenye bomba ambalo mtu atalishika. Chanzo chochote kisicho na koili mbili zilizotenganishwa kisifungwe kwenye chuma kilichozikwa.

Kuwasha, na kusoma ugonjwa

Elektrodi rejea iwe na maji ya salfeti ya shaba yaliyokolea hadi punje zinabaki chini bila kuyeyuka, na udongo unapoisimamisha ulowe. Soma volti ya asili. Chuma cha zamani kwenye udongo huwa kati ya -0.50 na -0.65. Washa kwenye ngazi ya chini kabisa. Namba lazima iende upande wa hasi zaidi. Ikirudi kuelekea sifuri, zima mara moja, waya zimegeuzwa. Ikienda sawa, panda polepole, uiache siku kadhaa, ndipo upime mkondo ukikatwa kwa sekunde chache, kwa sababu usomaji wa mkondo ukiwaka una volti za udongo ndani yake na unasifia mfumo kuliko unavyostahili. Kukiwa na rektifaya zaidi ya moja kwenye bomba moja, zote zikatwe kwa wakati mmoja.

Kebo ya upande chanya ndiyo inayoua mifumo mingi. Mkwaruzo mdogo kwenye ganda lake chini ya ardhi unageuza shaba ya ndani kuwa anodi, na shaba inayeyuka hadi inakatika ndani ya wiki chache. Usitumie waya wa nyumba wa PVC. Tumia kebo ya polithini nzito, na karibu na anodi za maji chumvi, ambako klorini inatoka, kebo yenye ganda la ndani la floropolima (plastiki isiyoliwa na klorini). Viungo vimiminiwe resini ya epoksi, tepu haitoshi.

Mita zikisoma volti za kawaida na ampea sifuri, usifungue rektifaya, kebo imekatika. Volti sifuri na ampea sifuri: fyuzi, au LUKU imeisha. Volti zimeshuka kama nusu na transfoma inavuma tofauti: dayodi moja imefunguka. Ampea zimepanda sana bila mvua: kuna kitu kimegusana, mara nyingi kiungo cha kuhami kilichopitishiwa waya na fundi umeme aliyekuja kuongeza ethi. Volti zinapanda mwaka hadi mwaka kwa ampea zile zile: anodi zinakwisha au koki imekauka; mwagilia kwanza, kabla ya kuchimba.

Umeme ukikatika saa chache chuma hakiharibiki, kwani ulinzi wake unafifia polepole. Kinachodhuru ni rektifaya iliyozimika Februari ikagunduliwa Novemba. Kanuni za Marekani za matangi ya mafuta yaliyozikwa zinadai rektifaya ikaguliwe kila siku 60, na daftari la mistari miwili, volti na ampea, linatosha. Bomba linaloandamana na reli ya umeme ya kilovolti 25, kama SGR ya Tanzania, au na laini kubwa za gridi, linabeba umeme wa AC unaoingia ndani yake kutoka kwenye laini hizo bila kuguswa na waya, na dayodi za rektifaya zinaweza kuugeuza kuwa DC. Agiza koili na kapasita za kuchuja kwenye upande wa DC tangu mwanzo, maana kuziongeza baadaye ni kazi. Kabla ya kukata bomba lenye ulinzi, zima rektifaya na ufunge kebo nene kuunganisha pande mbili za mkato, hasa palipo na mafuta.

Kwenye hati ya kuagiza, taja volti na ampea ulizozihesabu na theluthi moja ya ziada, joto la kazi nyuzi 50, utengano wa koili, varista pande zote mbili, shanti yenye matundu ya kupimia, swichi ya kukatia kwa ajili ya vipimo, na mchoro wa umeme uliobandikwa ndani ya mlango. Kisha mwambie muuzaji kwamba ndani ya kabati lazima ukute, siku ya kupokea, seti mbili za fyuzi, dayodi mbili, varista mbili na kipande kimoja cha ngazi. Anayeshindwa kuviweka leo hatakuwa navyo mwaka wa tano.